Presha ya Mstarini: Kisa cha Mama Aliyeandikiwa "Hafuati Dawa"

Kisa hiki ni cha kituo cha afya katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa jina, mtaa, mwaka na kila alama inayoweza kumtambulisha mhusika, na mambo madogo mawili matatu nimeyabadili makusudi. Mwenyewe nilimsomea rasimu kabla. Aliondoa sentensi mbili kuhusu marehemu mumewe, akaniongezea moja ambayo mtaikuta mbele.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopima presha kila siku, na kwa yeyote ambaye moyo humwenda mbio akiitwa jina lake mbele za watu. Mkosaji mkubwa humu ndani ni mimi.

## Usuli

Bi M. ana miaka 54. Ni mjane mwenye watoto wanne, wawili bado wanasoma. Kwa miaka 9 amekuwa akifanya usafi katika jengo la ofisi, ila ajira yake haiko kwa wenye jengo. Iko kwa kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi, nayo huwapa watu wake mikataba ya miezi mitatu mitatu. Havuti sigara, hanywi pombe. Chumvi anatumia kama sisi wengine wa pwani, yaani si haba. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi, na hilo ndilo lililomleta kliniki: alianza kuumwa kichwa kisogoni na moyo kumdunda, akaogopa kufuata njia ya mama yake.

Kazi yenyewe hailalamikii. "Kudeki ghorofa tatu nimezoea," aliniambia baadaye. "Kinachonimaliza ni ule mstari."

Mstari ni huu. Kila siku saa 12:30 asubuhi wafanya usafi kama 20 wanajipanga uani, nyuso zikitazama geti. Msimamizi, kijana anayelingana na mwanawe wa kwanza, anapita akikagua sare, kucha na viatu. Akimaliza anamwita mwenye kosa la jana atoke mbele. Kosa linatajwa kwa sauti: choo cha ghorofa ya pili kilinuka, ndoo iliachwa kwenye ngazi. Wakati huohuo wenye ofisi wanaingia na magari yao, vioo vimeshushwa. Aliyetajwa hajibu lolote zaidi ya "samahani bosi", kisha anarudi mahali pake.

Bi M. hakuwa akiitwa kila siku. Kwa hesabu yake ni kama mara mbili kwa mwezi. Na hapa ndipo inapoingia ile sentensi aliyoniongezea: "Andika kwamba kuitwa si kubaya kama kungoja kuitwa."

Yote haya sikuyajua kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu sikuuliza.

## Ziara nne za kwanza

Kliniki yetu ya presha na kisukari ni Jumanne. Mimi ni afisa tabibu. Wakati huo nilikuwa na miaka 31. Watu wote wananiita daktari, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Chumba changu kilikuwa na meza, kiti changu, benchi lisilo na egemeo kwa ajili ya mgonjwa, na pazia mahali pa mlango. Nje ya pazia ndiyo foleni, na foleni inasikia kila kitu. Muhula ule nilikuwa na wanafunzi watatu wa utabibu waliosimama ukutani na madaftari yao, makoti meupe yamepigwa pasi, wamekatazwa kuzungumza.

Bi M. alipoingia mara ya kwanza aliinama kidogo akasema, "Shikamoo daktari." Mama wa miaka 54, mimi wa 31. Nikaitikia marahaba huku naandika. Sikuona kitu cha ajabu. Ukivaa koti jeupe miaka michache, shikamoo za watu wanaolingana na mama yako zinakuwa kama kelele za feni.

Nilimfunga mkanda wa presha mkono ukining'inia, nikawa namuuliza maswali huku mashine inajaza upepo: unakula chumvi sana? unatembea? mbona umechelewa kuja? Ikasoma 174/102, na kliniki presha ya juu tunaihesabu kuanzia 140/90. Nikarudia baada ya muda mfupi: 170/100. Sukari sawa, mkojo hauna protini. Nikampa ushauri wa chakula na tarehe ya kurudi.

Wiki mbili baadaye, chumba kilekile na watu walewale: 168/98. Nikamwanzishia amlodipini, dawa ya kushusha presha, miligramu 5.

Mwezi uliofuata: 166/100. Hapo nikatoa swali ambalo kila mhudumu wa kliniki ya presha amewahi kulitoa, na nikalitoa kwa sauti ya kuwafundisha wanafunzi zaidi ya kumuuliza mgonjwa: "Mama, unameza kweli, au unaziweka kabatini?" Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Bi M. akasema anameza. Nikapandisha amlodipini hadi miligramu 10, nikaongeza kidonge cha kutoa maji.

Ziara ya nne: 160/94. Nikachukua kadi yake, nikaandika kwa herufi kubwa, HAFUATI DAWA, nikapiga mstari chini yake. Kadi ya kliniki anaisoma kila mtu: wa mapokezi, wa maabara, wa dirisha la dawa. Kwa hiyo sasa Bi M. alikuwa anaitwa mbele mahali pawili.

## Kuanguka, na daftari la jirani

Siku kama kumi baada ya hapo aliamka saa 10 alfajiri kuwasha jiko la mkaa kabla ya kwenda kazini. Aliinuka kutoka kitandani, akapiga hatua tatu nne, giza likamfunga macho, akaanguka. Alipona na mchubuko wa paja.

Jirani yake ni muuguzi mstaafu mwenye kipima presha cha nyumbani. Alimpima palepale: 98/60. Akampima tena jioni ile na siku mbili zilizofuata, akaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la hesabu nyuma. Hakuna namba ya juu iliyofika 110.

Bi M. akaja na daftari Jumanne iliyofuata. Nililitazama, nikasema maneno ninayoyaonea haya mpaka leo: "Mashine za mitaani hizi." Nikanyoosha mkono kuchukua mkanda wangu.

Muuguzi wetu wa kliniki, mama mtu mzima ambaye amefanya kazi hapo tangu nikiwa sekondari, alikuwa amesimama pale kwenye pazia. Hakubishana nami mbele ya wanafunzi. Aliniita kando akasema, "Niachie mimi huyu, dakika kumi tu."

Akampeleka chumba cha chanjo, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu. Akampa kiti chenye mgongo. Akamwambia aende msalani kwanza. Akamwamkia shikamoo, kwa kuwa Bi M. alikuwa amemzidi miaka miwili. Akamwacha akae kimya dakika 5, mkono juu ya meza, miguu sakafuni, ndipo akapima bila kuzungumza: 112/70.

## Tulichoamua siku ile, na kwa nini

Mambo mawili yalikuwa wazi. Mama huyu alikuwa anameza dawa zote nilizompa, na zilikuwa zinamwangusha. Kosa la kwanza lililotakiwa kurekebishwa lilikuwa la dozi, si la mgonjwa.

Lakini nilikuwa na shaka moja ya haki. Namba za chumbani kwangu huenda zilipanda kwa sababu ya upimaji mbovu tu: benchi, mkono unaoning'inia, maneno, kibofu kilichojaa. Kila kimoja kati ya hivyo kinatosha kuongeza namba. Nitajuaje kwamba tatizo ni kutazamwa?

Tulimwomba ruhusa tukafanya jaribio dogo. Akabaki kwenye kiti kilekile, mkanda uleule, muuguzi yuleyule. Mimi na wanafunzi watatu tukaingia, tukasimama, hatukusema kitu. Baada ya dakika mbili mashine ikasoma 146/88. Tukatoka. Dakika kumi baadaye ikasoma 116/72. Namba ya juu ilipanda kwa 34 kwa sababu watu wanne walisimama ukutani.

Jaribio la mtu mmoja halithibitishi kanuni. Lilitosha kuamua matibabu ya mtu huyo mmoja. Tukasimamisha kidonge cha kutoa maji siku hiyohiyo, tukarudisha amlodipini kwenye miligramu 5, na tukakubaliana na jirani yake ampime nyumbani kwa siku 7, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, siku ya kwanza isihesabiwe. Nyumbani kipimo cha kuangalia ni 135/85, si 140/90 ya kliniki. Wastani wa wiki ile ulikuwa 118/74. Tukasimamisha hata ile amlodipini, tukapima wiki nyingine: 131/82.

Ningeweza kuishia hapo. Presha ya koti jeupe, yaani ile inayopanda mbele ya daktari tu, nenda nyumbani mama, funga faili. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Aliyenizuia ni Bi M. mwenyewe. Aliuliza kama anaweza kuibeba mashine ya jirani kazini. Akaiweka kwenye kikapu chini ya khanga, na baada ya mstari akawa anajifungia kwenye stoo ya mafagio, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapima. Jumatatu: 158/96. Jumanne: 152/94. Jumatano, siku aliyoitwa mwenzake wa kulia kwake: 160/98. Jumapili, nyumbani, baada ya kusuka ukili: 126/78.

Kukaa juu ya ndoo si kanuni ya upimaji, najua. Lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuiachia ndoo. Kituo chetu hakina mashine ya kupima saa 24, kwa hiyo nilimpigia daktari wa hospitali ya wilaya, nikamsomea namba zote. Akasema kitu ambacho sikukitarajia: mtu anayepanda hivyo siku sita kwa wiki, moyo wake haujui kwamba ile ni presha ya muda. Turudishe amlodipini miligramu 5, na tuushughulikie ule mstari.

Tukarudisha dawa. Nyumbani ikawa 122/76, stooni ikawa 142/88. Halafu tukaushughulikia mstari, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili.

## Barua

Niliandika barua nzuri. Ilikuwa na nembo ya kituo na mhuri. Nilimwomba mwajiri, kwa heshima, amwondolee mfanyakazi wake huyu ukaguzi wa hadharani kwa sababu za kiafya, na akiwa na jambo la kumwambia amwite pembeni. Bi M. aliichukua kwa mikono miwili. Sasa nikikumbuka uso wake naona alitaka kusema kitu, ila alikuwa anazungumza na daktari.

Msimamizi aliisoma mstarini. Aliisoma yote, kuanzia "Yah:" mpaka mhuri, mbele ya wenzake 20 na magari yanayoingia. Akamaliza kwa kuuliza kama kuna mwingine ambaye hataki kuambiwa ukweli. Siku ile stooni mashine ilisoma 164/98, na amlodipini ndani ya mwili.

Niliporudishiwa habari hiyo, jambo la kwanza nililofikiri ni kuandika barua nyingine. Muuguzi wetu alinitazama tu.

## Matokeo

Suluhisho alilipata mwenyewe. Kampuni ilikuwa na zamu ya jioni ambayo watu wanaikwepa, kwa sababu inakwisha saa 3 usiku na daladala zinakuwa zimepungua. Zamu hiyo haina mstari. Watu sita wanachukua funguo kwa mlinzi na kuanza kazi. Bi M. akaiomba. Nauli ilimpanda, kwani mara mbili kwa wiki alilazimika kupanda bodaboda, na hakuweza tena kukaa na mwanawe mdogo jioni. Hizo ni gharama, naziandika kama nilivyoandika namba za dawa.

Baada ya mwezi mmoja wa zamu ya jioni vipimo vya kazini vilikuwa 128/80 kwa wastani, nyumbani 120/76. Maumivu ya kisogo yaliisha. Anaendelea na amlodipini miligramu 5. Kadi yake ya zamani tuliibadilisha kabisa, kwa kuwa kufuta herufi kubwa kwa wino mweupe kungezionyesha zaidi.

## Uchambuzi: mwili unavyoyasoma macho ya watu

Ukikutana na ng'ombe mkali njiani, adrenalini inamwagika ndani ya sekunde, moyo unaongeza kasi, mishipa ya damu ya ngozi na tumbo inakaza. Ubongo unatuma pia ujumbe wa pili, wa polepole, kupitia tezi iliyo chini yake hadi tezi zilizokaa juu ya figo, na baada ya dakika kadhaa homoni ya kortisoli inapanda. Inaandaa sukari ya kutumia na kuifanya mishipa iitikie adrenalini kwa nguvu zaidi. Ng'ombe akipita, yote yanashuka.

Jambo ambalo wengi hatukufundishwa vizuri ni kwamba kwa binadamu macho ya watu hufanya kazi ya yule ng'ombe, pengine na zaidi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, Kirschbaum, Pirke na Hellhammer, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo linatumika duniani kote. Mtu anapewa dakika chache ajiandae, kisha anajieleza kwa dakika 5 kana kwamba anaomba kazi, kisha kwa dakika 5 nyingine anahesabu kwa sauti akirudi nyuma kutoka 1022 kwa kutoa 13 kila mara. Akikosea anaanza upya. Mbele yake limekaa jopo lililovaa makoti meupe, halitabasamu, halitikisi kichwa. Haguswi wala hatishiwi kwa lolote. Kwa wengi kortisoli hupanda mara 2 hadi 4.

Nilipousoma utaratibu ule kwa mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Jopo lililonyamaza, makoti meupe, maswali usiyojua yatakuja lini, kosa linalotajwa papo hapo. Wajerumani waliujenga maabarani ule mtego ambao mimi niliujenga kila Jumanne kwa benchi na pazia.

Mwaka 2004 watafiti Dickerson na Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara na kuuliza ni mambo gani hasa yanayoipandisha kortisoli. Kazi ngumu peke yake haikutosha. Kelele peke yake hazikutosha. Mambo mawili yalipokutana ndipo homoni ilipopanda kuliko penginepo na kuchelewa kushuka: kuhukumiwa na wengine, na kutokuwa na la kufanya kuzuia hukumu hiyo. Mstari wa saa 12:30 unayo yote mawili. Kiswahili kilijua hili zamani: tuna kusemwa, kuumbuliwa, kusutwa, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokamilika bila watazamaji. Anayekusema chumbani amekusema. Anayekusema uani, geti likiwa wazi, amekufanya jambo jingine kabisa, na tezi zako zinaijua tofauti hiyo kabla hujaitafakari.

Kwa presha yenyewe, daktari Mancia na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha mwaka 1983, kwa kupima ndani ya mshipa bila kukoma, kwamba daktari akiingia tu na kuanza kupima, namba ya juu hupanda kwa wastani wa karibu 27 ndani ya dakika 4 za mwanzo. Baadaye wakaonyesha kwamba akija muuguzi kupanda huko ni kama nusu tu. Muuguzi wetu hakuwa amesoma Mancia. Alikuwa amewatazama wagonjwa kwa zaidi ya miaka 20.

Je, cheo kinaingia wapi? Kwa sababu kila mtu hutazamwa, hata waziri. Hapa watu hupenda kutaja utafiti wa Whitehall uliofanywa kwa watumishi wa serikali jijini London kuanzia 1967. Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000, wote wenye ajira, wote wenye huduma ya afya ya taifa. Vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinda milango, vilikuwa zaidi ya mara 3 ya vile vya wakubwa wa juu. Sigara, mafuta na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, chini ya nusu. Na tofauti haikuwa kati ya masikini na tajiri peke yao. Ilishuka ngazi kwa ngazi, hata aliye wa pili kutoka juu alikuwa nyuma ya wa kwanza. Katika awamu ya pili, iliyoanza 1985 na kuhusisha wanawake pia, jambo lililojitokeza sana ni kiasi ambacho mtu anaamua mambo ya kazi yake mwenyewe.

Lakini ningewaonya wenzangu wasimalize kwa kusema "cheo cha chini, presha juu". Mfano mzuri uko karibu na sisi. Mwanasayansi Robert Sapolsky alianza kuwatazama nyani wa upande wa Maasai Mara, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kundi likiwa limetulia, kila dume akijua mahali pake, madume wa chini ndio waliokuwa na kortisoli ya juu: mkubwa akishindwa ugomvi wake, anageuka na kumng'ata mdogo ambaye hakuhusika. Cheo kikigombaniwa, waliokuwa juu ndio wanaoungua. Huko Amboseli utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta hata dume kinara ana homoni za msongo nyingi kuliko anayemfuata. Kwa hiyo suala ni nani anaweza kukugeukia saa yoyote, na una pa kwenda au huna. Yule msimamizi naye ana mkataba wa miezi mitatu. Sijawahi kumpima presha, ila ningetamani.

## Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi hakikuwa changu. Muuguzi alitenganisha chumba na mgonjwa. Jirani alitunza daftari. Bi M. alibeba mashine. Mimi nilichangia jaribio lile la kuingia na kutoka, na simu moja.

Kilichoharibika ni kingi, nitataja vichache tu. Niliamini namba zilizotolewa katika hali moja mara nne, nikaziona kama ushahidi mara nne. Niliuliza habari za dawa mahali ambapo jibu la kweli na la uongo yanasikika sawa. Kuandika HAFUATI DAWA kulifunga akili yangu. Tangu siku ile kila namba mpya niliisoma kwa jicho la maneno hayo. Na barua ile ilikosea kitu cha msingi: nilitaka kumpunguzia kutazamwa kwa kutumia karatasi inayomtenga na wenzake. Kama ningemuuliza kwanza "ukimpa hii, atafanya nini?", angenijibu. Aliujua mwisho wa barua ile nilipokuwa bado natafuta mhuri.

Kuna na jambo moja ambalo sijui niliweke upande gani. Nilimfundisha kuvuta pumzi polepole, ile ya kuhesabu. Nyumbani ilimsaidia kulala. Mstarini hakuitumia hata siku moja. "Nikipumua hivyo," alisema, "si ataniuliza kama nasinzia?"

Na ieleweke, presha inayopanda mbele ya daktari pekee si presha ya uongo. Wenye hali hiyo, wakifuatiliwa kwa miaka, huishia kuwa na presha ya kudumu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Wanahitaji kuonwa kila mwaka. Wasichohitaji ni kidonge cha tatu kwa sababu daktari amekunja uso.

Kliniki yetu sasa ina kiti chenye egemeo, na upimaji unafanywa na muuguzi kwenye chumba cha chanjo. Wanafunzi wanaingia mmoja mmoja na wanakaa. Mlango tulioomba bado haujaja. Pazia ni lilelile.

Bi M. huja kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho nilisimama alipoingia, nikawahi: "Shikamoo mama." Akatazama nyuma yake kwanza, kama kuna mtu mwingine. Halafu akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa. Mimi mwenyewe nikampima: 136/84. Bado nampandisha kidogo.

Hakuja peke yake. Nje alikuwa amemwacha mwenzake wa zamu ya asubuhi, yule aliyekuwa akisimama kulia kwake. Mkononi mwenzake huyo alikuwa na daftari jipya la shule, ukurasa wa kwanza umeshapigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo.